Lamu Katika Filamu: Kutoka kwa Gates na Mazrui Hadi Subira

Makala haya yanakulenga wewe mwalimu mwenzangu unayefunza Fasihi ya Kiswahili, pamoja na wewe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya 102/3. Huenda ukajiuliza filamu zinahusiana vipi na karatasi hiyo ilhali vitabu teule ni riwaya, tamthilia na hadithi fupi. Jibu si gumu. Mwanafunzi wa leo hukutana na hadithi kwenye skrini kabla ya kukutana nayo kitabuni, na zana tunazompa darasani, yaani maudhui, usawiri wa wahusika, majazi, jazanda na nafsi ya usimulizi, hazimtoki kichwani anapowasha simu. Akiiona Lamu kwenye filamu atatoa hukumu, tupende tusipende. Swali ni je, atahukumu kwa kutumia nini?

Nimeichagua Lamu kwa makusudi. Visiwa vya Lamu, Manda, Pate na Kiwayu ni miongoni mwa chemchemi za ushairi wetu ulioandikwa, na wakati uo huo ni mahali ambapo kamera hupenda kwenda. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Milango ya nakshi, vichochoro, punda na tanga la jahazi ni vitu ambavyo hata mpiga picha asiye hodari hawezi kuviharibu. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kwa maoni yangu, filamu zinazoihusu Lamu zimehakikiwa kwa macho mno na kwa masikio kidogo sana. Mhakiki huisifu picha, huilaumu mila, kisha huenda zake bila kusikia kilichosemwa.

Ni vyema ifahamike kuwa tunapotaja filamu huru hapa tuna maana ya zile zinazotengenezwa nje ya kampuni kubwa, mara nyingi kwa ruzuku ndogo ndogo na kwa muda mrefu. Zipo za kubuni na zipo za hali halisi. Mpaka baina ya aina hizi mbili si mgumu kama ulivyo katika vitabu vyetu vya mwongozo, lakini tusikawie hapo.

Historia ya hukumu za filamu katika Afrika Mashariki ilianza kwa kumhukumu mtazamaji, wala si filamu yenyewe. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulipiga kambi Vugiri, katika milima ya Usambara nchini Tanganyika, ukatengeneza filamu 35 za kumfunza Mwafrika mambo kama kilimo na afya. Pesa zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo, katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha. Wasimamizi wake, Notcutt na Latham, walichapisha kitabu mwaka 1937 wakieleza jinsi watazamaji walivyozipokea kazi hizo. Baadaye Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa mwaka 1939, kiliendeleza imani kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika kwa kasi, hivyo filamu yake iwe ya polepole, isiyo na madoido. Sidhani kama wengi wa waliotoa hukumu hiyo wangeweza kuufuata utendi mmoja wa Pate kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na mafumbo yake.

Turuke sasa miongo kadhaa hadi mwaka 1986. Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alitoa mfululizo wa filamu tisa za hali halisi uitwao The Africans: A Triple Heritage, ulioonyeshwa na BBC na televisheni ya umma ya Marekani. Kwa mara ya kwanza Mswahili alisimama mbele ya kamera si kama mwenyeji wa kuonyeshwa bali kama msimulizi. Hukumu hazikukawia. Nchini Marekani, Lynne Cheney, aliyekuwa mwenyekiti wa taasisi ya taifa iliyochangia gharama, alitaka jina la taasisi yake liondolewe katika orodha ya wafadhili kwa kuwa aliuona mfululizo huo kuwa mashambulizi dhidi ya nchi za Magharibi. Miaka mitano baadaye Wole Soyinka naye akamkosoa Mazrui kutoka upande mwingine kabisa, kwamba aliupendelea Uislamu na kuzidunisha dini za jadi za Kiafrika. Mazrui alijibu kwa makala ambayo katika anwani yake alimwita Soyinka mhakiki wa televisheni, na nadhani hakukusudia kumsifu. Mjadala huo wa mwaka 1991 ulichapishwa katika Transition, jarida lililoasisiwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy na ambalo wakati huo lilikuwa limefufuliwa Marekani na Henry Louis Gates pamoja na Kwame Anthony Appiah.

Likumbuke jina hilo la Gates, kwani mwaka 1999 ilikuwa zamu yake. Gates, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa mfululizo wa sehemu sita, Wonders of the African World. Sehemu moja ilihusu pwani ya Waswahili, katika safari iliyomfikisha Lamu na Zanzibar. Mmarekani Mweusi aliyekuja kutafuta maajabu ya Afrika alikutana na watu waliomtajia mababu wa Uarabuni na Uajemi, na jambo hilo likamkera waziwazi. Swali lililotawala sehemu hiyo ni moja: ninyi ni Waafrika au si Waafrika?

Mfululizo ulipoonyeshwa mwezi Oktoba mwaka 1999, Mazrui aliandika tahakiki kali mara moja. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba Gates alishughulika na rangi na asili ya Waswahili kuliko ustaarabu wao, na kwamba alipofika kwenye biashara ya watumwa aliutwika Uafrika mzigo mkubwa wa lawama. Gates alijibu, Mazrui akajibu jibu, na wasomi wengi wakaingia ulingoni hadi mwaka 2000. Kwa ufahamu wangu, hakuna tahakiki ya filamu kutoka kwa mtu wa pwani yetu iliyozua mjadala mkubwa kuliko huo.

Mazrui alikuwa sahihi kuhusu rangi. Lakini ukiisoma hoja hiyo kama mwalimu wa Kiswahili, utahisi pengo. Neno linalohitaji uhakiki hapa ni neno lenyewe la swali. Kiingereza kina neno moja lenye uzito mkubwa kuhusu rangi ya watu, na historia ya Marekani imelitia chumvi na damu. Kiswahili kina asili, nasaba, ukoo, mbari, kabila, jadi, na kila moja lina mahali pake. Mtu wa Lamu anaweza kukwambia kwamba yeye ni Mwamu, kwamba nasaba yake ni ya masharifu wa Hadhramaut, kwamba mama yake ni Mbajuni, na kwamba yeye ni Mwafrika, yote hayo katika pumzi moja na bila kujipinga. Nasaba ni hesabu ya mababu, nayo haimtoi mtu Afrika. Lakini jibu hilo likipita katika Kiingereza na kisha katika maandishi mafupi chini ya picha, litatoka kama mtu anayeukana Uafrika wake. Mtazamaji wa Chicago atamcheka au atamsikitikia.

Wala haikuwa siri. Miaka mitano kabla ya mfululizo wa Gates, yaani mwaka 1994, Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff walikuwa wamechapisha kitabu kizima kwa Kiingereza kuhusu lugha na utambulisho wa Waswahili. Hawa ni watu unaowafahamu darasani. Wa kwanza ndiye mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki na wa pili ndiye mwandishi wa Tungo Zetu. Msaada ulikuwepo rafuni. Mtengenezaji wa filamu ya hali halisi aliye na wiki chache tu za kupiga picha huwa hana muda wa kufika rafuni, na pengine hilo ni kosa la aina ya filamu yenyewe kuliko la mtu.

Je, filamu huru za Wakenya wenyewe zimeepuka kosa hilo? Mwaka 2018 zilitoka filamu mbili zinazotusaidia kujibu, moja ya kubuni na moja ya hali halisi, zote mbili zikiwa kazi za wanawake.

Ya kubuni ni Subira, iliyoelekezwa na Ravneet Sippy Chadha. Ilianza kama filamu fupi ya mwaka 2007 kuhusu msichana wa Lamu mwenye umri wa miaka 11 anayetaka kuishi apendavyo, ikazunguka katika matamasha mengi, kisha baada ya miaka 11 ikarudi kama filamu ndefu, Brenda Wairimu akiigiza mhusika mkuu. Katika filamu ndefu, Subira ana shauku ya kuogelea baharini, mama yake anamtaka afuate mila, na ndoa ya kupangiwa inampeleka Nairobi. Mwaka 2019 filamu hiyo ilichaguliwa kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar, kitengo cha filamu bora ya kimataifa. Haikufika katika orodha ya mwisho.

Jambo lililotokea katika kitengo hicho mwaka huohuo lastahili kukumbukwa na kila mwalimu wa lugha. Nigeria iliwasilisha Lionheart ya Genevieve Nnaji, ikiwa ni mara yake ya kwanza kuwasilisha filamu katika kitengo hicho, nayo ikaondolewa mwezi Novemba kwa sababu mazungumzo yake mengi yalikuwa ya Kiingereza. Kiigbo kilichukua takriban dakika 11 tu. Jina la kitengo lilikuwa limebadilishwa kutoka filamu ya lugha ya kigeni hadi filamu ya kimataifa, lakini sharti la lugha likabaki. Subira, iliyosimama juu ya Kiswahili, haikukumbwa na msukosuko huo. Tazama basi hali ilivyo: lugha inapimwa kwa dakika, kama nyama kwenye mizani, na ikishafika kilo inayotakiwa hakuna anayeuliza imesema nini.

Imesema nini, basi? Anza na jina. Mtahiniwa yeyote aliyefunzwa majazi atajiuliza kwa nini msichana mwenye haraka ya kuingia baharini ameitwa Subira. Mtazamaji asiyejua Kiswahili husikia jina tu, zuri masikioni, lisilo na maana. Sisi tunasikia kinaya. Ukichimba zaidi unaona kuwa si kinaya tupu. Subira katika mafunzo ya dini na katika methali zetu si kukaa kitako, ni kustahimili huku shabaha ikiwa palepale. Subira huvuta heri, na kuvuta ni kazi ya mikono. Kwa hiyo jina linaweza kumshutumu msichana kwa sauti ya mama yake na papo hapo likamtetea. Hoja kama hii ingekupatia alama nzuri katika swali la riwaya, na hakuna sababu ya kuiacha mlangoni unapotazama filamu.

Kisha kuna mama. Katika uhakiki wa filamu za aina hii utakutana mara kwa mara na fomula moja: mila upande huu, uhuru upande ule, msichana katikati. Fomula hiyo si ya uongo, ila ni nyembamba. Visiwa hivi vina maandishi ya mama anayemuusia binti yake kuhusu ndoa, yaliyotungwa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alitunga utendi wake kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima akiwa mgonjwa. Tumeusoma utendi huo kama mafunzo ya utiifu, na wengine wameusoma kama werevu wa mwanamke anayejua mamlaka yako wapi na jinsi ya kuyazunguka. Mjadala huo haujaisha. Mhakiki anayeujua hawezi kumtazama mama wa Subira kama ukuta tu. Atamsikia kama mrithi wa sauti ndefu ya wanawake wa Pate na Lamu, sauti yenye mapenzi na hofu ndani yake. Anaweza bado kuikataa sauti hiyo. Mimi mwenyewe nadhani msichana ana haki ya bahari yake. Lakini ataikataa akiijua.

Suala la lahaja nalo lisidharauliwe. Kiamu husema ndoo pale Kiswahili sanifu kisemapo njoo, na mato badala ya macho. Nyota kwa Kiamu ni kiu, na mtu mwenye nyota Lamu anaomba maji, hatabiriwi bahati. Mwelekezi anayepiga picha Lamu ana uamuzi wa kufanya: wahusika waseme Kiamu, na mtazamaji wa Kisumu akune kichwa, au waseme Kiswahili sanifu, na mtazamaji wa Lamu ahisi kuwa nyumba ni yake ila wenye nyumba ni wageni? Riwaya huweza kukwepa kwa kutumia tanbihi. Filamu haina tanbihi. Hilo ni suala la fani wala si la mapambo, na mhakiki asiyesikia tofauti hiyo hawezi hata kujua kwamba uamuzi ulifanywa.

Filamu ya pili ni New Moon, ya hali halisi, iliyoelekezwa na Philippa Ndisi-Herrmann. Mwelekezi huyu alikwenda Lamu kurekodi jinsi bandari mpya itakavyobadilisha maisha ya visiwani. Ujenzi wa bandari hiyo ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012 na Rais Mwai Kibaki akiwa pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia. Miaka ikapita, na filamu ikageuka mikononi mwa mwelekezi. Bandari ilirudi nyuma, na mbele ikaja safari yake mwenyewe ya kuingia katika Uislamu. Mwaka 2018 filamu hiyo ilishinda tuzo ya filamu bora ya hali halisi katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Durban.

Mtazamaji anaweza kulalamika, na lalamiko lake lina uzito. Mwaka huohuo wa 2018, mwishoni mwa mwezi Aprili, Mahakama Kuu ilitoa uamuzi uliowapa wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76, ikikubali kwamba mradi wa bandari ulikiuka haki zao, ikiwemo haki ya utamaduni. Hadithi hiyo ilikuwa pale, wavuvi walikuwa pale, kamera ilikuwa pale. Mbona iwageukie nafsi na mwezi?

Hapa tena mwalimu wa Kiswahili ana jambo la kusema ambalo mhakiki wa Durban au Nairobi huenda asiwe nalo. Mgeuko huo una mfano visiwani. Yapata miaka 200 iliyopita, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Anazungumza na moyo wake, anautembeza katika magofu ya majumba ya Pate, anauonyesha kilichobaki cha fahari ile, kisha anaurudisha kwenye swali la akhera. Mji na nafsi vimo katika shairi moja, na hakuna aliyewahi kumwambia mtunzi kwamba alipaswa kuandika ripoti kuhusu kuporomoka kwa Pate. Ukiiweka New Moon kando ya shairi hilo, safari ya kutoka bandarini hadi moyoni haionekani tena kama kupotea njia. Hata jina la filamu hupata uzito mwingine kwa lugha yetu, kwani mwezi mwandamo ndio unaofungua Ramadhani na ndio unaofungua sikukuu, na watu huutafuta kwa macho yao wenyewe.

Ulinganishi huo haumalizi kesi, wala sitaki uimalize. Katika Al-Inkishafi magofu yamekaa beti nyingi, na moyo unapoambiwa utazame unatazama vitu: vyumba, taa, kuta, ndege waliohamia ndani. Mji haujawa kisingizio. Kwa kipimo hichohicho cha nyumbani, New Moon inaweza kudaiwa zaidi kuliko inavyodaiwa na wale wanaotaka tu iwe taarifa ya habari. Iulizwe: je, bandari imepewa beti zake kabla ya kuachwa? Maoni yangu ni kwamba hazikutosha. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, miaka mitatu baada ya filamu, na mtu atakayetaka kujua wavuvi walisema nini kabla ya siku hiyo atapata zaidi katika kumbukumbu za mahakama.

Sasa turudi darasani. Filamu hazimo katika orodha ya vitabu teule, na wakati wa vipindi ni finyu, hilo silipingi. Lakini dakika kumi zinapatikana, hasa unapofunza majazi au nafsi ya usimulizi na wanafunzi wameanza kusinzia baada ya chakula cha mchana. Chagua onyesho moja lenye mazungumzo. Lifunike skrini kwa karatasi, uwaache wanafunzi wasikilize tu, kisha wakuandikie nani alimwita nani kwa jina gani, nani alitumia lugha ya heshima na nani hakuitumia, nani alisema ndoo na nani alisema njoo. Ndipo uitoe karatasi na uliche onyesho upya pamoja na tafsiri iliyo chini ya picha. Wape kalamu nyekundu waisahihishe tafsiri hiyo.